Julius Nyerere: maisha ya nyumbani Butiama

Julius Kambarage Nyerere (13 Aprili 1922 – 14 Oktoba 1999) alikuwa mwalimu, mwanasiasa na rais wa kwanza wa Tanzania. Aliongoza nchi tangu uhuru hadi alipong'atuka tarehe 5 Novemba 1985. Makala hii inahusu upande wa maisha yake usiosimuliwa sana: nyumba yake na familia yake, likizo alizotumia kijijini Butiama wakati wa urais, na miaka 14 aliyoishi baada ya kuondoka Ikulu, akiwa mkulima, babu na mfasiri wa vitabu.

Asili ya nyumbani

Butiama ni kijiji cha Wazanaki katika mkoa wa Mara, kusini-mashariki mwa mji wa Musoma na si mbali na Ziwa Viktoria. Boma la familia ya Nyerere liko sehemu inayoitwa Mwitongo, mahali penye mawe makubwa ya matale na miti. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, nao ni kabila dogo kati ya makabila zaidi ya 120 ya Tanzania. Mama yake, Christina Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Jina Kambarage ni la mzimu wa mvua, na mtoto alipewa kwa sababu alizaliwa siku ya mvua.

Utotoni alichunga mbuzi na kusaidia kazi za shamba. Inasimuliwa katika familia kwamba alikuwa hodari wa kucheza bao, na kwamba werevu wake katika mchezo huo ndio uliomfanya chifu mmoja rafiki wa baba yake ashauri mtoto apelekwe shule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza masomo katika Shule ya Msingi Mwisenge mjini Musoma. Baadaye alisoma Tabora, Makerere nchini Uganda na Edinburgh nchini Uskoti. Mapenzi ya bao hayakumtoka. Hata uzeeni alikaa na wazee wenzake kulicheza.

Ndoa na nyumba ya kwanza

Nyerere alirudi kutoka Uskoti mwaka 1952. Kabla ya kuanza kazi ya ualimu Pugu, alikaa Butiama na kujenga nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Wanakijiji walishangaa kumwona msomi mwenye shahada akikanyaga udongo na kubeba matofali, kwa kuwa wakati ule watu waliosoma walidhaniwa kuwa wameshaaga kazi ya namna hiyo.

Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walijaliwa watoto 8. Maisha ya mwanzo hayakuwa rahisi. Mwaka 1955 Nyerere alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi ya Pugu na mshahara wake. Alirudi Musoma kwa miezi kadhaa, na huko alimfundisha padre mmoja Mmarekani lugha ya Kizanaki na kufasiri maandiko ya dini katika lugha hiyo. Baadaye familia ilihamia Magomeni, Dar es Salaam, ambako Mama Maria aliendesha duka dogo ili kusaidia matumizi ya nyumbani wakati mumewe akizunguka nchi kwa ajili ya chama cha TANU. Nyumba ya Magomeni sasa ni makumbusho.

Likizo wakati wa urais

Nyerere aliwahi kuacha madaraka mapema. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzungukia vijiji na kuimarisha chama. Alirudi serikalini mwezi Desemba mwaka huo akiwa rais wa Jamhuri ya Tanganyika.

Akiwa rais hakupenda kukaa Ikulu. Alijenga nyumba ya kawaida Msasani, ufukweni mwa Dar es Salaam, akaishi huko na familia, na Ikulu ikawa mahali pa kazi. Asubuhi aliwahi misa kabla ya kwenda ofisini.

Likizo zake alizitumia zaidi Butiama. Hakwenda na msafara wa starehe: alishika jembe, alilima pamoja na wanakijiji, alimtembelea mama yake na kusikiliza mashauri ya ukoo. Likizo hizo zilikuwa pia na maana ya kisiasa. Serikali yake ilihimiza watu warudi vijijini, walime kwa pamoja na kujitegemea, kwa hiyo rais aliyeshika jembe wakati wa mapumziko alikuwa anatoa mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikaa pia Chamwino, mkoani Dodoma, akifyatua matofali na kujenga pamoja na wanakijiji.

Oktoba 1967, miezi 8 baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, umbali wa zaidi ya kilomita 200, ili kuliunga mkono Azimio. Njiani watu walitoka majumbani kumlaki na kutembea naye.

Azimio la Arusha liliingia pia ndani ya nyumba yake. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi na mwenzi wake kuwa na hisa katika kampuni, kupangisha nyumba au kuajiri watu kwa faida binafsi. Mama Maria alikuwa na mradi wa kufuga kuku alioujenga kwa jitihada zake, naye akauacha na kuukabidhi kwa ushirika. Kwa familia hiyo masharti hayo yalikuwa na gharama halisi, wakati viongozi wengine walitafuta njia za kuyakwepa.

Kung'atuka

Neno kung'atuka liliingia katika Kiswahili cha kila siku kupitia Nyerere mwenyewe. Asili yake ni Kizanaki, nalo linahusu desturi ya rika: wazee waliomaliza zamu yao ya uongozi huwaachia nafasi walio chini yao, kisha hubaki wakiwa washauri. Aliyeng'atuka hafukuzwi wala hapotezi heshima. Anakaa nyumbani kwake, na wanaohitaji maneno yake humfuata.

Nyerere alipotumia neno hilo kueleza kuondoka kwake mwaka 1985, jambo lenyewe lilikuwa bado geni barani. Marais wengi wa Afrika wa kizazi chake waliondolewa na majeshi au walifia madarakani. Kabla yake, Léopold Sédar Senghor wa Senegal alikuwa amejiuzulu mwaka 1980 na Ahmadou Ahidjo wa Kamerun mwaka 1982. Nyerere alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi, lakini aliendelea kuwa mwenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi hadi mwaka 1990. Wapo waliosema kwamba kwa miaka hiyo 5 hakuwa ameondoka kwa kweli, kwa kuwa chama ndicho kilichokuwa na usemi wa mwisho katika siasa za nchi.

Wakati huo uchumi ulikuwa katika hali ngumu. Bidhaa kama sukari, sabuni na nguo zilikuwa adimu madukani, vita dhidi ya Idi Amin vya 1978–1979 vilikuwa vimegharimu fedha nyingi, na sera ya vijiji, ambayo katika sehemu nyingi ilitekelezwa kwa kuwahamisha watu kwa nguvu, haikuleta mavuno yaliyotarajiwa. Nyerere alikubali hadharani kwamba makosa yalifanyika. Basi alirudi Butiama akiwa mtu anayependwa na wengi, na pia mtu ambaye sera zake zilikuwa zikibadilishwa mbele ya macho yake.

Siku za kawaida Butiama

Baada ya kuacha uenyekiti wa chama mwaka 1990, Nyerere alizidi kukaa kijijini. Siku yake ilianza mapema. Alihudhuria misa, alikwenda shambani, kisha alirudi kusoma na kuandika. Alilima mahindi na mtama, alifuga ng'ombe na alipanda miti. Kilimo kilikuwa kazi yake hasa: alisimamia shamba mwenyewe na kushika jembe pamoja na wasaidizi wake.

Nyumbani alikuwa amezungukwa na watu. Mama Maria ndiye aliyeendesha nyumba, na boma lilikuwa na watoto, wajukuu, ndugu wa ukoo na watoto wa jamaa waliolelewa hapo. Wageni hawakukatika. Walikuja wanakijiji wenye shida zao, wanachama wa chama, mawaziri, mabalozi na waandishi. Mama yake mzazi aliishi miaka mingi, akamwona mwanawe akiingia Ikulu na akamwona akirudi kijijini.

Jioni ilikuwa saa ya bao na mazungumzo. Maktaba yake ya Mwitongo ilikuwa na maelfu ya vitabu vya historia, falsafa, dini, uchumi na fasihi, ambavyo vingi alikuwa amevisoma kwa makini. Kijana wa Butiama aliyepita hapo angeweza kumkuta rais mstaafu akibishana na mzee asiyejua kusoma juu ya kete za bao, na saa moja baadaye angemkuta akisoma Plato.

Utulivu huo haukuwa kamili. Kati ya 1987 na 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyochunguza matatizo ya nchi zinazoendelea, na kazi hiyo ilimfanya asafiri mara kwa mara. Mwaka 1993, kundi la wabunge lilipotaka iundwe serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, alitoka tena kulipinga, kisha akaandika kitabu Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, alimfanyia kampeni Benjamin Mkapa. Kuanzia 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Kwa familia, maana yake ilikuwa kwamba kila alipokaa muda mrefu kidogo nyumbani, lilikuja jambo la kumwita.

Tenzi zilizochapwa Ndanda

Kazi iliyomkalisha mezani kwa muda mrefu katika miaka hiyo ilikuwa kufasiri na kutunga. Hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Akiwa rais alifasiri tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1963 kwa jina Julius Caesar, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ilitoka Mabepari wa Venisi. Mojawapo ya nia zake ilikuwa kuonyesha kwamba Kiswahili, ambacho wakoloni wengi walikiona kuwa lugha ya sokoni na ya amri za kazi, kinaweza kubeba fikra nzito.

Uzeeni aligeukia umbo la zamani la pwani, yaani utenzi. Ubeti wa utenzi una mishororo 4, na kila mshororo una mizani 8. Mishororo 3 ya kwanza huwa na kina kimoja, na wa 4 hubeba kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi. Ni umbo linalofaa kuimbwa na kukumbukwa na wasikilizaji, lakini mtunzi anahitaji subira, kwa sababu kina hicho kimoja humfuata kwa mamia ya beti.

Kwa namna hiyo Nyerere alizitunga upya Injili 4, yaani Mathayo, Marko, Luka na Yohana, pamoja na Matendo ya Mitume. Vitabu hivyo vilitolewa mwaka 1996 na wachapaji wa Kibenedikto wa Ndanda na Peramiho. Ndanda iko katika wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara, chini ya uwanda wa juu wa Wamakonde, kwenye barabara iendayo Masasi mjini. Wamisionari Wabenedikto walifika hapo mwaka 1906, wakajenga kanisa, shule, hospitali na kiwanda cha uchapaji. Kwa hiyo maandishi yaliyotungwa karibu na Ziwa Viktoria, kaskazini kabisa mwa nchi, yalitolewa kwa wasomaji kupitia kusini, jirani na mpaka wa Msumbiji.

Eneo hilo lilimhusu Nyerere kwa njia nyingine pia. Benjamin Mkapa, aliyekuwa mhariri wa magazeti ya chama na ya serikali, kisha mwandishi wake wa habari, waziri wake wa mambo ya nje na hatimaye rais wa 3 wa Tanzania, alizaliwa Masasi mwaka 1938 na alipitia shule ya Ndanda. Yeye naye alipofariki mwaka 2020 alizikwa kijijini kwao Lupaso, wilayani Masasi.

Katika miaka yake ya mwisho Nyerere alifasiri pia kwa Kiswahili Jamhuri ya Plato, kitabu kinachouliza nani anafaa kutawala na jinsi mtawala anavyopaswa kuishi. Alikiandika kwa mkono.

Nyumba mpya, ugonjwa na kifo

Nyerere aliondoka madarakani bila utajiri. Nyumba yake ya Butiama ilikuwa ndogo ikilinganishwa na wingi wa watu na vitabu vilivyokuwa ndani yake. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilimjengea nyumba kubwa zaidi Mwitongo, ikiwa zawadi. Ilikamilika mwaka 1999, naye aliishi ndani yake kwa muda mfupi tu. Mwaka huohuo makumbusho yanayobeba jina lake yalifunguliwa Butiama.

Tangu mwaka 1998 ilijulikana kwamba ana kansa ya damu. Aliendelea na usuluhishi wa Burundi na shughuli za shamba kadiri nguvu zilivyomruhusu. Septemba 1999 alikwenda London kwa matibabu, akalazwa katika hospitali ya St Thomas, ambako alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 akiwa na umri wa miaka 77. Rais Mkapa ndiye aliyetangaza kifo chake kwa taifa. Usuluhishi wa Burundi ulichukuliwa na Nelson Mandela, na mkataba ulitiwa saini Arusha Agosti 2000.

Mwili ulirejeshwa Dar es Salaam, ambako maelfu ya watu walijipanga barabarani na kutoa heshima za mwisho. Baada ya mazishi ya kitaifa ulipelekwa Butiama, na tarehe 23 Oktoba 1999 ukazikwa Mwitongo, karibu na makaburi ya wazazi wake.

Kumbukumbu

Tarehe 14 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Nyerere, nayo ni sikukuu ya taifa. Mwaka 2005 Kanisa Katoliki lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Kijiji cha Butiama kimekuwa makao ya wilaya yenye jina hilohilo, iliyoanzishwa katika miaka ya 2010 kutokana na wilaya ya Musoma Vijijini.

Sera za Nyerere zinaendelea kujadiliwa. Wapo wanaomkumbuka kwa umoja wa taifa, elimu na msaada kwa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na wapo wanaokumbuka foleni za sukari na nyumba walizolazimishwa kuzihama. Kuhusu maisha yake ya nyumbani, watu wa pande zote mbili hukubaliana zaidi: aliacha madaraka akiwa hai, akarudi kwa mkewe, wajukuu na shamba lake, na hakujilimbikizia mali. Neno la Kizanaki alilolitumia kueleza uamuzi huo bado linatumika nchini kila kiongozi anapoulizwa ataondoka lini.

Wageni wanaofika Butiama leo huonyeshwa kaburi, makumbusho, nyumba na maktaba. Boma la Mwitongo limebaki kuwa nyumba ya familia.